Mfasiri, Usimnyooshee Mwanasiasa Maneno

Oktoba 31, 2023, katika dhifa ya Ikulu ya Nairobi, Mfalme Charles III aliyagusia madhila ya enzi za ukoloni nchini Kenya. Kwa Kiingereza chake alisema makosa ya zamani ni chanzo cha "the greatest sorrow and the deepest regret". Akaongeza kwamba vitendo vya ukatili vya kuchukiza, visivyo na utetezi, vilifanywa dhidi ya Wakenya, na kwamba hakuna kisingizio kwa hayo. Aliyevifanya hakutajwa, na msamaha haukuombwa. Kesho yake, Novemba 1, mjini Songea, Tanzania, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikutana na wazao wa Chifu Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Hapo mtendaji alitajwa kwa jina la taifa lake, na ombi likatolewa waziwazi.

Kwa muda wa siku mbili, katika nchi mbili jirani zinazosema Kiswahili, wakuu wawili wa Ulaya walisimama mbele ya jeraha la aina moja. Mmoja aliomba, mwingine hakuomba. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe, na ndiyo inayopotea kwa wepesi mkubwa mezani pa mfasiri.

Lichukue hilo neno "regret". Kiswahili kinakuwekea mbele maneno mawili makubwa, masikitiko na majuto. Masikitiko anaweza kuwa nayo mtu yeyote: jirani akiunguliwa nyumba nasikitika, wala si mimi niliyewasha moto. Majuto ni ya mtenda. "Majuto ni mjukuu" huambiwa mtu aliyekosea mwenyewe, haambiwi aliyepita njia. Mfasiri akiandika kwamba Mfalme ana majuto makubwa, amempandisha kizimbani. Akiandika masikitiko, amemketisha jamvini pamoja na wafiwa. Na mhariri akitaka kichwa cha habari chenye kuuza, akaandika kwamba Mfalme ameomba radhi, amemlipia deni ambalo mwenyewe hakulilipa, tena amelilipa kwa mali ya wazee wa Mau Mau waliopigana na ukoloni nchini Kenya.

Neno la Kiingereza linaishi kwenye vyumba vyote viwili, na ndiyo maana wanasiasa wa Uingereza hulichagua. Juni 6, 2013, William Hague, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alilitumia neno hilo hilo bungeni London alipotangaza mapatano ya pauni milioni 19.9 yaliyowahusu Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari ya enzi za ukoloni. Katika tangazo hilo hilo alisema serikali yake inaendelea kukana kwamba inawajibika kisheria. Pauni zililipwa na masikitiko yakatolewa, lakini mlango wa mahakama ukabaki umefungwa. Neno moja lilibeba yote hayo bila kuvunjika.

Sasa tuje kwenye rai ninayoipinga. Imetawala vyumba vya habari, semina za ukalimani na madarasa ya tafsiri. Inasema hivi: kazi ya mfasiri ni kuhamisha maana, na maana isiyoeleweka si maana. Msomaji wetu ni mtu wa kawaida, anasoma gazeti kwenye daladala, kwa hiyo mpe sentensi iliyonyooka. Kauli ikiwa na utata, mfasiri atumie akili yake, atazame muktadha, aamue msemaji alikusudia nini, kisha aandike hicho. Anayeuacha utata katika tafsiri ni mvivu, au Kiingereza kimempiga chenga.

Rai hii ina sura ya hekima, na kwa maandishi ya aina nyingi ni hekima kweli. Maelekezo ya dawa yakiwa na utata, mfasiri ana wajibu wa kuuondoa, kwa sababu aliyeyaandika hakuutaka na mgonjwa anaweza kufa. Kosa linaanza pale kanuni ya karatasi ya dawa inapopelekwa kwenye jukwaa la siasa. Mwanasiasa mwenye washauri, mwanasheria na mwandishi wa hotuba hakosei njia kwa bahati mbaya. Utata wake umepimwa, umejadiliwa, umepitishwa. Mfasiri anayeuondoa hajamsaidia msomaji kuielewa hotuba. Ameandika hotuba nyingine, kisha akaitia saini kwa jina la mtu asiyeijua.

Tazama Januari 27, 1987. Rais Ronald Reagan alilihutubia Bunge la Marekani wakati kashfa ya kuiuzia Iran silaha ikimwandama. Akasema makosa makubwa yalifanyika. Sentensi hiyo imekuwa mfano maarufu wa namna ya kukiri bila kukiri, kwa sababu kosa lipo lakini mkosaji hayupo. Kiswahili hapa hakihitaji kuhurumiwa, kwani kina vifaa kuliko Kiingereza. "Makosa yalifanywa" inamfanya msikilizaji angoje: yalifanywa na nani? "Makosa yalifanyika" hainyooshi kidole kwa mtu. Makosa yanafanyika kama mvua inavyonyesha. Kiambishi kidogo kinabeba ukwepaji wote wa Ikulu ya Washington. Mfasiri aliyeandika "yalifanyika" amemwonyesha msomaji Reagan alivyokuwa Januari ile. Aliyeandika "Reagan akiri kukosea" amemwonyesha mtu mwingine, mnyoofu kuliko aliyesimama pale. Machi 4 mwaka huo huo Reagan alirudi kwenye televisheni akasema waziwazi kwamba biashara hiyo ya silaha ilikuwa kosa. Msomaji aliyekwisha kupewa ungamo mwezi Januari atashangaa nini mwezi Machi? Hatua aliyopiga yule mtu kati ya hotuba hizo mbili imefutwa na kalamu ya mfasiri.

Watetezi wa unyoofu husahau pia kwamba utata una kazi njema katika siasa. Aprili 1, 2001, ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China, Wang Wei, alipotea baharini. Ndege ya Marekani ikatua kisiwani bila ruhusa, na watu wake 24 wakashikiliwa. China ilidai Marekani iombe radhi, Marekani ikasema haikukosa. Mvutano ulimalizika kwa barua ya Aprili 11 ya Balozi Joseph Prueher, iliyosema Marekani ni "very sorry" kwa kifo cha rubani, na "very sorry" kwa kuingia anga ya China na kutua bila idhini ya maneno. Beijing iliwaambia watu wake kwamba Marekani imeomba radhi. Washington iliwaambia wake kwamba haikuomba. Watu 24 wakarudi kwao, na hakuna risasi iliyopigwa.

Mpe barua hiyo mfasiri wetu wa maana iliyonyooka. Kiswahili kimetenganisha pole na samahani kwa ukuta mnene kuliko lugha nyingi. Pole hupewa aliyefikwa na jambo. Samahani huombwa na aliyelisababisha. Mfasiri akiandika pole amechukua upande wa Washington, akiandika samahani amechukua wa Beijing, na katika hali zote mbili msomaji haelewi kwa nini nchi mbili zilizokaribia kukabana koo ziliridhika kwa karatasi moja. Andika "tunasikitika sana" mara mbili, kama barua ilivyorudia, na mambo yanaeleweka. Kwa kifo cha rubani masikitiko hayo yanasikika kama rambirambi. Kwa kutua bila idhini yanaanza kusikika kama ombi la radhi, bila kufika. Hapo ndipo mapatano yalipofanyika.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema Kiswahili wakati mwingine hakikuachii nafasi, kwamba sarufi yenyewe inakulazimisha kuchagua. Ni kweli, na hapo ndipo ustadi unapopimwa.

Julai 13, 2012, katika mji wa Roanoke, Virginia, Barack Obama alikuwa akieleza kwamba mtu aliyefanikiwa hakufanikiwa peke yake: kuna mwalimu aliyemfundisha, kuna waliowekeza katika barabara na madaraja. Kisha akasema: "If you've got a business, you didn't build that." Hilo "that" linarejelea nini? Wafuasi wake walisema barabara na madaraja. Wapinzani walisema biashara yenyewe, wakamtuhumu kuwadharau wafanyabiashara wote wa Marekani. Mwezi uliofuata Chama cha Republican kilijenga siku nzima ya mkutano wake mkuu mjini Tampa juu ya jibu la kauli hiyo.

Kiswahili kina ngeli, na ngeli hazina huruma. "Hukuijenga" ni biashara, na hapo umempa ushindi mgombea wa Republican, Mitt Romney. "Hukuvijenga" ni barabara na madaraja, na hapo umempa Obama. Kiambishi cha herufi moja au mbili kinapiga kura katika uchaguzi wa nchi nyingine. Mfasiri wa rai iliyotawala angesoma aya nzima, angeamua kwamba Obama bila shaka alikusudia barabara, angeandika "hukuvijenga" na kulala usingizi. Huenda hata angekuwa sahihi kuhusu nia ya Obama. Lakini msomaji wake asingeweza kamwe kuelewa ugomvi uliofuata, maana katika Kiswahili alichopewa hapakuwa na la kugombania. Angewaona Republican wote kuwa wazushi watupu.

Na njia ilikuwepo. "Kama una biashara, si wewe uliyejenga." Ondoa kiambishi cha yambwa, peleka uzito kwa mtenda, na kile kilichojengwa kinabaki wazi kama kilivyobaki Roanoke. Sentensi ni ya Kiswahili safi, mtu wa Tanga au Lamu haoni mshono. Kwa hiyo tunaposema lugha imetulazimisha, mara nyingi tumechukua sentensi ya kwanza iliyotujia.

Mfano mzito zaidi ni wa Septemba 29, 2020, mdahalo wa kwanza kati ya Donald Trump na Joe Biden mjini Cleveland. Mwendeshaji, Chris Wallace, alimuuliza Trump kama yuko tayari kuwalaani wanaoamini ubora wa watu weupe na vikundi vya wanamgambo, na kuwaambia wasimamishe vurugu. Trump akataka atajiwe jina, Biden akataja kundi la Proud Boys, na Trump akasema: "Proud Boys, stand back and stand by." Sehemu ya kwanza haina shida: rudini nyuma. Ya pili ndiyo yenye miiba. Askari akiambiwa hivyo anashika silaha na kungoja amri. Abiria akiambiwa hivyo anakaa kitini na kuvuta subira. Kundi lenyewe lilichagua maana ya askari na kuifanya kauli hiyo kuwa nembo yake. Kesho yake Trump akasema hawajui hao watu, na kwamba waache kazi hiyo mikononi mwa polisi.

"Tulieni" inamsafisha. "Jiwekeni tayari" inamhukumu. Mimi ningeandika "rudini nyuma, mkae mkisubiri", kwa sababu msomaji yeyote wa Kiswahili atauliza papo hapo: wakisubiri nini? Swali hilo ndilo walilouliza Wamarekani usiku ule. Mwaka 2022, kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza uvamizi wa jengo la Bunge hilo wa Januari 6, 2021 ilipoirudisha kauli hiyo mbele ya umma, msomaji aliyepewa "tulieni" mwaka 2020 hakuwa na namna ya kujua wanazungumzia nini. Aliyepewa "mkisubiri" alikuwa nayo. Siasa ina kumbukumbu ndefu. Kauli ya leo hurudi kesho kama ushahidi, na tafsiri iliyokwisha kuamua haiwezi kurudi nayo.

Sisemi kila ukungu ubebwe. Upo ukungu wa lugha na upo ukungu wa msemaji, na mfasiri analipwa kwa kujua tofauti. Mbunge wa Uingereza akisema hoja imekuwa "tabled", imewasilishwa. Wa Marekani akisema hivyo hivyo, imewekwa kando. "Sanction" inaweza kuwa kibali au adhabu. Hapa msemaji hakuficha kitu. Msikilizaji wake alimwelewa mara moja, na ukungu umezaliwa njiani kuja kwetu. Huo uondolewe bila kusita, na asiyeuondoa kweli ni mvivu. Kipimo changu ni kimoja. Je, wasikilizaji wa kwanza, wenye lugha yao, waligawanyika kuhusu maana? Kama hawakugawanyika, nyoosha. Kama waligawanyika, mgawanyiko huo ni sehemu ya kauli, nao una haki ya kuvuka mpaka.

Kwa kipimo hicho, Trump alipokuwa Ohio Machi 16, 2024, akizungumzia ushuru wa magari na kusema asipochaguliwa kutakuwa na "bloodbath", kazi ilikuwa ngumu lakini iliwezekana. Kiingereza hutumia neno hilo hata kwa kampuni zinazofilisika. "Umwagaji damu" wa Kiswahili ni damu ya watu tu, haujui kampuni. Mfasiri aliyefuata kamusi alimfanya atangaze vita; aliyeandika "hasara kubwa" alimgeuza mhasibu. "Maangamizi" yanaangamiza viwanda na yanaangamiza watu, nayo yangebakiza mabishano pale pale yalipokuwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kimaadili. Wapo wanaosema kuubeba utata ni kushirikiana na mwongo, kwamba mfasiri mwadilifu amvue mwanasiasa joho lake. Naliheshimu pingamizi hili, lakini limepindua mambo. Anayemsaidia mkwepaji ni yule anayenyoosha. Ukimfanya Mfalme aombe radhi umemwondolea aibu ya kutoomba. Ukimfanya Reagan akiri umemvisha ushujaa. Ukwepaji ukiachwa jinsi ulivyo unaonekana kwa macho, na msomaji anaweza kuukamata mkono wake. Kumvua joho ni kazi ya mchambuzi, naye ana ukurasa wake, jina lake na picha yake. Mfasiri akiifanya kazi hiyo ndani ya alama za kunukuu, ameficha maoni yake mahali ambapo hakuna anayeweza kuyajibu.

Na huyu mtu wa kawaida tunayemhurumia, tunamjua kweli? Ni yule yule aliyelelewa na mafumbo. Anasoma jina la kanga begani mwa jirani na kujua linamlenga nani. Anasikiliza taarab na kujua ugomvi ni wa nani na nani, ingawa hakuna aliyetajwa. Methali yetu inasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Tunapomtafunia kauli kabla ya kumpa, tumekwisha kuamua yeye ni yupi kati ya hao wawili. Hakuna dharau kubwa kuliko hiyo kwa jamii ambayo kufumba na kufumbua ni sehemu ya malezi yake.

Jambo hili linaongezeka uzito kila mwaka. Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi. Maana yake nyaraka zetu zitaanza kusomwa na wanasheria. Wanaotaka kujua utata mdogo unaweza kuzaa nini waangalie Azimio 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Novemba 22, 1967, kuhusu Israeli kuondoa majeshi yake katika maeneo iliyoyatwaa vitani. Kiingereza kiliacha kusema kama ni maeneo yote au baadhi. Kifaransa, kwa sarufi yake, kilielekea kwenye yote. Zaidi ya nusu karne imepita na watu bado wanabishana. Kiswahili, kwa bahati njema, kinaweza kuandika "kutoka maeneo yaliyotwaliwa" na kunyamaza. Mfasiri akiongeza neno "yote", au "baadhi ya", kwa nia njema tu ya kueleweka, ameingia katika mgogoro wa Mashariki ya Kati bila pasipoti.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa tafsiri waache kufundisha kwamba utata ni uchafu wa kusafishwa. Wafundishe kuutambua, kuupima na kuubeba. Wakalimani wenye sekunde chache tu wachague neno pana kuliko neno kali, na wakijua wameteleza warekebishe hewani bila haya. Wafasiri waliobanwa kabisa na sarufi waweke maelezo mafupi nje ya nukuu, waseme maneno haya yameeleweka kwa namna mbili na kwa nini. Na wewe mhariri, ambaye mara nyingi ndiye unayemlazimisha mfasiri anyooshe ili maneno yatoshe safu: kichwa cha habari kikishindwa kubeba kauli ilivyosemwa, badilisha kichwa, kauli iache.